Vibawa Viwili vya Kushoto

Inatangazwa kwa fahari kubwa kwamba Shule ya Bweni ya Ziwa Halvor, Minnesota, imejenga ndege. Kwa usahihi zaidi, imejenga mkia. Sehemu iliyobaki ya ndege bado iko katika hatua ya kutokuwepo, lakini Mwalimu Mkuu wetu, Dkt. Winslow Haverkamp, ametufafanulia kwamba hilo ni suala la utekelezaji tu, na kwamba taasisi yoyote yenye maono huanza na mkia.

Hapo hakukosea. Watu wote wanaojijengea ndege nyumbani huanza na mkia. Kiwanda hukutumia boksi la mkia kwanza kwa sababu ndilo dogo, na ukiharibu, unaharibu kidogo. Mkuu alilieleza jambo hilo kwa namna yake kwenye mkutano wa asubuhi. "Kiongozi wa kweli," alisema, "huongoza akiwa nyuma." Tukapiga makofi. Makofi ni kwa mujibu wa Waraka Na. 3.

Mimi ni Emmett Dvorsky, umri miaka kumi na sita, Katibu wa Kamati Kuu ya Mkia. Niliteuliwa mwezi Novemba, siku mbili baada ya kuthibitika kwamba ni mimi niliyehamisha ofisi ya naibu mkuu, pamoja na zulia, taa ya mezani na picha ya mkewe, hadi katikati ya ziwa lililoganda. Mkuu ana nadharia kwamba mkorofi akipewa cheo hutulia. Serikali nyingi zimeundwa kwa nadharia hiyo hiyo, na sikuona sababu ya kuwa wa kwanza kukataa.

Kamati ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, ukiniondoa mimi. Kumi walikuwa wa kusimamia. Wa kumi na moja, Lenora Twedt, alikuwa wa kujenga.

Lenora ni binti wa wafuga ng'ombe wa maziwa, na alijua kufungua mashine ya kukamulia kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kazi ya ribiti, yaani vile vipini vifupi vya kuunganishia mabati, hata hivyo, haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa nje na bunduki ya hewa, anagonga kichwa cha ribiti. Mwingine anaingiza mkono ndani na kipande cha chuma kizito, anakikandamiza upande wa pili ili mkia wa ribiti ubonyee. Kwa kuwa wasimamizi kumi walikuwa wamebanwa na usimamizi, nilikaimu nafasi ya mshika chuma. Karakana yetu ni zizi la zamani. Lina hita, ila ilizimwa na Waraka Na. 11 kuhusu kubana matumizi.

"Shika vizuri," Lenora alikuwa akiniambia. "Unatetemeka kama ndama."

"Natetemeka kiofisi. Hii ni baridi iliyoidhinishwa."

"Shika, Emmett."

Mwezi Januari lilitokea kosa la kwanza. Lenora alitoboa tundu moja likaenda pembeni kwa nusu milimita. Aliliona mwenyewe, akaliandika mwenyewe kwenye daftari la ujenzi: Tundu la saba, nimekosea, nitalirekebisha kesho. Daftari hilo ni jambo kubwa kwa wajenga ndege. Kila siku ya kazi unaandika ulichofanya, unatia sahihi, kwa sababu siku ya siku mtu atakuuliza nani alijenga hiki, na jibu lazima liwe na jina.

Mmoja wa wasimamizi kumi, kwa kukosa cha kusimamia, alilisoma. Kufikia saa sita mchana tulikuwa na Waraka Na. 14: Kosa lolote katika Mkia litarekebishwa na yule aliyeandikwa daftarini kuwa mjenzi wa sehemu husika, kwa mikono yake mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote, mbele ya shule nzima, mpaka kosa lote liishe.

Lenora alirekebisha tundu la saba mbele ya wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Ilimchukua dakika nne. Hakuangalia mtu.

"Kazi safi, fundi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Mkuu aliamuru jina la mpiga kelele liandikwe. Katibu aliliandika. Lilikuwa langu.

Sasa tuje kwenye vibawa. Nyuma kabisa ya mkia kuna vibawa viwili, kimoja kila upande, vinavyocheza juu na chini. Rubani akivuta usukani, vibawa vinapanda, na pua ya ndege inapanda. Lenora alikuwa amemaliza cha kushoto, kinang'aa, na amepanga mezani vipande vya cha kulia, Mkuu alipofanya ziara ya kikazi.

"Twedt, hiki kimekaa vizuri sana. Na hivi vingine mbona vimepinda kinyume?"

"Ni vya kulia, Mkuu."

"Kulia nakujua. Nauliza kwa nini havifanani na vya mwenzake."

"Havitakiwi vifanane. Vimegeuzwa, kama unavyojiona kwenye kioo. Ni kama glavu, Mkuu. Hebu tazama glavu zako."

Mkuu alitazama glavu zake. Zilikuwa za ngozi ya kulungu, zawadi ya wazazi. Alizitazama kwa makini, moja baada ya nyingine.

"Glavu zangu zinafanana kabisa," alisema.

"Mkuu, ukiichukua ya kushoto ukaivaa mkono wa..."

"Twedt. Shule hii haina upande inaoupendelea. Kila mwanafunzi hapa ni sawa na mwenzake, sembuse vibawa."

Wasimamizi kumi walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alitikisa mara mbili, na baadaye alipandishwa cheo.

Ndivyo ulivyozaliwa Waraka Na. 19 kuhusu Usawa wa Vibawa. Vipande vya kulia vilitangazwa kuwa na kasoro, vikapelekwa stoo, vikawekwa kando ya vitabu vya nyimbo vilivyochanika. Nikaagizwa niandike kiwandani kuomba vipande vingine vya kushoto. Siku mbili baadaye simu ya ofisi ililia.

"Mnataka vya kushoto tena?" aliuliza mama wa kiwandani.

"Ndiyo, mama."

"Vile vya kwanza vimeharibika?"

"Hapana, ni vizuri mno. Ndiyo maana tunataka vingine."

Nilisikia akinywa kitu.

"Mwanangu, hiyo ndege itaruka vipi?"

"Hilo liko chini ya kamati nyingine," nilimjibu.

Lenora alipinga kwa barua. Alipinga mara tatu. Kila barua niliipiga mhuri wa IMEPOKELEWA na kuiweka kwenye faili, maana kupiga mhuri ndiyo kazi yangu, na Mkuu alinipongeza kwa jinsi faili lilivyopangika. Halafu tukajenga. Alikuwa na chaguo la kuacha, lakini aliyeacha kamati alikuwa anaacha daftari, na daftari alikuwa analihitaji. Nitaeleza kwa nini.

Wajenga ndege wana desturi moja ambayo haimo kwenye waraka wowote. Kabla ya kufunga bati la mwisho, walioijenga sehemu hiyo huandika majina yao kwa ndani, kwa kalamu ya wino mzito, mahali ambapo hakuna atakayepaona tena. Adhuhuri moja ya Februari, tukiwa tumebakiza kufunga kibawa cha pili, Lenora alivua glavu, akainama, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jina linavyohitaji. Akanipa kalamu. Nilisoma, nikatia sahihi chini yake. Yaliyoandikwa yalikuwa ya siri kwa wakati ule. Kisha nikashika chuma, tukafunga.

Wiki iliyofuata ilikuja barua ya Bwana Tollefson. Huyu ni mzee mwenye maghala ya nafaka, aliyesoma hapa zamani, na ndiye aliyetununulia boksi la mkia. Alitaka kuja kuuona. Mkuu alisoma barua hiyo akiwa amesimama, kisha akaitisha daftari la ujenzi.

"Humu mna majina mengi," alisema.

"Mna jina moja, Mkuu. Limerudiwa mara nyingi."

"Ndiyo hivyo. Linachosha. Mgeni anataka kusikia sauti moja ya taasisi. Utalinakili upya, Dvorsky. Palipo na jina la mwanafunzi, weka jina la ofisi."

"Ofisi gani, Mkuu?"

"Yangu."

Nililinakili. Kurasa sitini na moja, kwa mwandiko mzuri, kila siku ikiishia na maneno Alijenga: Dkt. W. Haverkamp. Mkuu alitia sahihi kila ukurasa bila kusoma. Ana msaidizi wa kumsomea, na msaidizi huyo ni mimi. Daftari la zamani lilihifadhiwa kwa njia ya kupitishwa kwenye mashine ya kuchana karatasi, pamoja na faili langu lililopangika.

Lenora alinikuta bwaloni. Ilikuwa siku ya viazi vilivyookwa juu ya nyama ya kusaga na supu ya uyoga ya kopo, yaani siku kama zote. Alikaa mbele yangu bila sahani.

"Wamesema umelinakili."

"Ndiyo."

"Jina langu liko ukurasa gani?"

"Limeoanishwa."

"Emmett."

"Nilikuwa natekeleza maagizo."

"Chuo cha mafundi wa ndege kule Duluth wanataka daftari kabla ya mwisho wa Machi. Alama zangu wanaziona, ni za kawaida. Wanachotaka ni kuona nilichojenga. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuwaonyesha. Kimoja." Aliutazama uma wangu. "Baba ameshasema, wakinikataa narudi kukamua. Sina ugomvi na ng'ombe. Ng'ombe angalau hatii sahihi kazi ya mtu."

"Ningekataa angepewa mwingine."

"Najua. Wewe ni mwoga mwenye mhuri," alisema, akaondoka.

Hayo hayakuwa matusi, yalikuwa maelezo ya kazi yangu. Lakini niliviacha viazi mezani. Nilirudi ofisini, nikaisoma nakala yangu kwa mara ya kwanza kama msomaji, na nikagundua kwamba nilikuwa nimenakili kwa uaminifu uliopitiliza. Sikuruka kitu. Hata ukurasa wa arobaini na nane ulikuwepo, na sahihi ya Mkuu chini yake, yenye mkia mrefu.

Basi nikafanya kazi ya ukatibu. Nilichukua karatasi yenye nembo ya shule, nikamwalika Bibi Rosalind Petrik, mshauri wa chama cha wajenga ndege cha wilaya, aje kwenye uzinduzi kufanya ukaguzi wa heshima. Mkuu aliona neno heshima, akatia sahihi.

Siku ya uzinduzi shule nzima ilijazwa karakanani. Mkia ulikuwa juu ya meza mbili, umefunikwa kitambaa cha bluu. Kando yake palikuwa na kibao cha shaba: MKIA HUU UMEJENGWA NA DKT. WINSLOW HAVERKAMP. Mkuu alikuwa mikono mitupu, bila glavu, kwa kuwa mikono mitupu hupendeza kwenye picha. Alisema kwa dakika thelathini na tano. Bwana Tollefson, ambaye ni mkulima na amezoea kungoja mahindi yaote, alisikiliza yote.

Kitambaa kikavutwa. Makofi, kwa mujibu wa Na. 3.

Bibi Petrik alisogea. Ana miaka sabini na moja, na arobaini kati ya hiyo alikuwa fundi wa ndege za kunyunyizia mashamba dawa. Aliweka chupa yake ya kahawa chini, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye mistari ya ribiti.

"Mkono mzuri huu," alisema. "Mkono mzuri sana." Kisha akakinyanyua kibawa cha pili, akakipeleka upande wa kulia. Hakikukaa. Akakigeuza juu chini. Hakikukaa. Akakirudisha, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nani kajenga hiki?"

"Ni juhudi za pamoja," Mkuu alisema akitabasamu.

"Hapa pameandikwa wewe."

"Kwa maana ya uongozi, bibi."

"Mimi uongozi siwezi kuukagua, mwanangu. Nakagua ribiti."

"Kuna tatizo?" Bwana Tollefson aliuliza.

"Hiki ni cha kushoto."

"Na kile kingine?"

"Cha kushoto pia."

Bwana Tollefson alifikiri kidogo. "Kwa hiyo itaruka ikizunguka?"

"Haitaruka, kaka. Itakaa hapa hapa ikiona haya."

Wanafunzi mia mbili na kumi na wawili hawakucheka. Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya ribiti.

Mkuu aliinua mkono. "Wageni waheshimiwa, nasikitika. Kuna mwanafunzi mmoja, Twedt, aliyekuwa karibu mno na sehemu hiyo. Uzembe huu tutaushughulikia. Hataendelea na masomo muhula huu."

Lenora alisimama. Uso ulikuwa mweupe. Alifungua mdomo, na nikajua hana karatasi hata moja ya kuonyesha, kwa sababu nilizichana zote.

"Kwa ruhusa ya kikao," nilisema, "Katibu anaomba kusoma kumbukumbu."

"Keti, Dvorsky."

"Mwache asome," alisema Bwana Tollefson. "Ndege ni yangu. Mkia, yaani."

Nikafungua ukurasa wa arobaini na nane. "Februari kumi na moja. Kibawa cha kushoto cha pili kimeanza kujengwa, badala ya cha kulia, kwa kufuata Waraka Na. 19. Alijenga: Dkt. W. Haverkamp. Sahihi." Nikaionyesha jukwaani ile sahihi. Kisha nikatoa Waraka Na. 14, nao nikausoma wote, polepole, hasa pale pa mikono yake mwenyewe, na bila msaada, na mbele ya shule nzima.

Bibi Petrik alisikiliza akitikisa kichwa kukubali. "Sheria nzuri sana hiyo. Kaiandika nani?"

"Mimi," alisema Mkuu, kwa mazoea.

Bibi Petrik akachukua drili mezani, akampa. "Karibu, basi. Vipande vya kulia mnavyo?"

"Viko stoo," nilisema. "Pamoja na nyimbo."

"Vizuri. Lakini mhimili wa ndani na kipande cha risasi cha kusawazisha uzito ni vya kutoa humu, hakuna vingine. Kwa hiyo kinafunguliwa. Unatoboa kichwa cha ribiti, katikati kabisa, bila kugusa bati. Ziko mia tatu na kumi na mbili."

Mkuu alitoboa ya kwanza. Ilipiga kelele kama paka. Ya pili ilizunguka na drili bila kukatika. Ya tano alipata. Mtu alipiga kelele kutoka nyuma, "Kazi safi, fundi!" na safari hii sikuwa mimi, ilikuwa shule nzima. Bwana Tollefson alivuta kiti akaomba kahawa.

Ilipokatika ya arobaini, ukingo wa bati uliachia. Bibi Petrik aliuinua kidogo kwa kidole na kumulika tochi.

"Humu ndani kuna maandishi," alisema.

Bwana Tollefson aliinuka, akainama, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya soya:

"Hiki ni kibawa cha kushoto cha pili. Tumeagizwa tukijenge hivi. Nimekataa kwa barua Januari 30, Februari 4 na Februari 9. Barua zimepigwa mhuri. Ribiti zote 312 nimepiga mimi, Lenora Twedt. Chuma kimeshikwa na Emmett Dvorsky, ambaye amelalamika muda wote. Baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, hita imezimwa. Wewe utakayesoma haya, pole kwa kazi ya kukifungua."

Drili ilikuwa bado inazunguka mkononi mwa Mkuu.

"Twedt ni nani?" Bibi Petrik aliuliza.

"Mimi, bibi."

"Ulijua tangu mwanzo."

"Ndiyo."

"Na bado ukapiga ribiti mia tatu bila hata moja kwenda kombo, kwenye kitu ulichojua kimekosewa."

"Ribiti hazikuwa na kosa," alisema Lenora.

Bibi Petrik alipiga picha yale maandishi mara tatu. Kisha akageuza karatasi ya ratiba ya sherehe, upande wa pili wa hotuba ya Mkuu, akamwuliza Lenora jina la chuo na kuanza kuandika. Bwana Tollefson aliomba kalamu, naye akatia sahihi chini. Aliisoma kwanza. Nilitaja jambo hilo kwenye kumbukumbu, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kutokea katika jengo hilo.

"Basi," alisema Mkuu, akiweka drili mezani, "naahirisha kikao."

"Mpaka kosa lote liishe," nilisoma. "Zimebaki mia mbili sabini na mbili, Mkuu."

Alitazama shule. Shule ilimtazama. Hakuna aliyetoka, maana kutoka bila ruhusa ni Waraka Na. 6. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya kibawa.

"Dvorsky," alisema kwa sauti ndogo, "hita."

"Na. 11, Mkuu."

"Basi nitafutie glavu."

Hizo nilikuwa nazo tayari mfukoni, kutoka sanduku la vitu vilivyopotea bwenini. Nyekundu, za sufu, safi, zote mbili za mkono wa kushoto.

Alivaa ya kwanza. Alivaa ya pili, mkono wa kulia, akaivuta, akaigeuza, akaivuta tena. Kidole gumba cha sufu kikabaki kimesimama kitupu upande wa kidole chake cha mwisho.

"Dvorsky, hizi haziko sawa."

"Zinafanana kabisa, Mkuu," nilisema, nikapiga mhuri ukurasa.

Akaiokota drili kwa shida, akainamia ribiti ya arobaini na moja.